Dhahabu, Chuma na Baridi Kuu

Leo twawaletea habari ya vitu viwili mvijuavyo vema ninyi mkaao Ushirombo na upande wote wa Geita, yaani dhahabu na chuma.

Katika miamba ya Geita vitu hivi ni majirani: dhahabu hupatikana katika matabaka ya mawe yenye chuma, na baadhi ya mawe hayo huvuta sindano ya dira. Nguvu hiyo ndiyo sumaku. Kila atomu ya chuma, yaani chembe yake ndogo kabisa, ni kama sindano ya dira. Katika sumaku ya kawaida sindano hizo huelekea upande mmoja, na kwa umoja huo nguvu yao huonekana.

Sasa tuseme fundi ameyeyusha dhahabu safi pamoja na chuma kidogo, atomu 1 katika kila 100. Mchanganyiko ukiisha kuganda, atomu zake hujipanga kwa mistari kama pamba iliyopandwa vizuri shambani. Lakini zile za chuma huangukia po pote, kama mbegu za mtama zilizochanganyika na za pamba. Kila moja hupeleka amri kwa wenzake, na amri hubadilika kwa kadiri ya umbali. Huyu huambiwa, "Elekea nielekeako", yule huambiwa, "Nipe kisogo."

Hapo ndipo penye shida. Ninyi wanafunzi, jaribuni hivi. Wasimame watoto watatu, na kila mmoja aamriwe kuelekea kinyume cha wenzake wote wawili. Wa kwanza atazame upande wa Kahama, wa pili upande wa Runzewe. Je, wa tatu atazame wapi? Po pote atakapogeuka, atafanana na mmoja wao. Mwalimu akimpiga mtoto huyo, amemdhulumu. Kosa si lake, ni la amri zisizopatana.

Mwaka 1972 wataalamu wawili, V. Cannella na J. A. Mydosh, walipoza dhahabu ya namna hii kwa baridi kuu. Kadiri ilivyopoa, ilizidi kuitikia sumaku dhaifu waliyoipimia. Hata ilipokaribia digrii 265 chini ya sifuri, mara mwitikio ukaanza kupungua. Sindano zilikuwa zimeganda, kila moja na upande wake. Hali hii imeitwa kioo cha sumaku, kwa kuwa katika kioo cha dirisha pia chembe hukaa imara pasipo safu.

Hesabu ya mambo haya ni ngumu, maana mipango inayokaribia kulingana kwa ubora ni mingi mno. Mwitalia Giorgio Parisi aliifumbua mwaka 1979, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021.

Pengine mtauliza, yatufaa nini? Mwaka 1983 wataalamu wa Marekani walijifunza kutoka kwa vioo hivi namna ya kutafuta njia njema kati ya njia nyingi, kama vile lori lipite vijiji gani kwanza. Hesabu yao huanza kama chuma cha moto, kisha hupozwa polepole. Wahunzi wa Kirongo, waliofua majembe katika nchi hii, wangalielewa mara moja: apozaye kwa haraka hukwama na kazi mbaya.

Basi, tukikuta jambo lisiloweza kuwaridhisha wote, tusitafute wa kumlaumu kwanza. Tuzichunguze amri zenyewe. Kwaherini.