Kitambaa cha nta jikoni

Kitambaa cha nta cha kufungia chakula hutengenezwa kwa pamba iliyonyweshwa nta ya nyuki, mara nyingi pamoja na utomvu wa msonobari na mafuta ya jojoba. Nta huzuia maji, utomvu huleta mnato, na mafuta hufanya kitambaa kisikakamae. Kitenge cha nta ni kitu kingine: huko nta huzuia rangi tu, kisha huondolewa.

Joto la viganja linatosha kukilainisha kikashika mdomo wa bakuli. Hufaa kwa mkate, jibini, mboga za majani au nusu ya kitunguu. Nyama mbichi na samaki wabichi visifungiwe humo kabisa, maana kitambaa hiki hakivumilii maji moto ya kuua vijidudu. Nta huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 hivi, na hulainika mapema zaidi. Kwa hiyo chapati hupoa kwanza ndipo zifungwe. Kuosha ni kwa maji baridi na sabuni kidogo. Kuanika ni kivulini, si juani.

Baada ya miezi kadhaa mikunjo hupauka na mnato hupungua. Hapo kitambaa huwekwa kati ya karatasi mbili za kuokea, kikapigwa pasi ya moto mdogo hadi nta itandae upya. Ikiwa haitoshi, huongezwa ya kukunwa. Nta hiyo Tanzania haiagizi mbali: misitu ya miombo ya Tabora huitoa, na sehemu yake huuzwa Ulaya.