Hotuba ya Katibu wa Kwaya: Tunaporekodi, Tusikike Sisi



Baba Paroko, mwenyekiti wetu, wazazi mlioanzisha kwaya hii, wanakwaya wenzangu na waumini wote mliotoka Kisii na Nyamira, karibuni katika yubilei yetu ya miaka 25.

Kamati imenipa dakika chache nizungumze juu ya albamu tunayoichangia leo. Nitaanza na mfano wa majirani zetu wa Tanzania.

Mwaka 1996 kampuni ya Real World ya Uingereza ilitoa albamu iitwayo Chibite. Mwimbaji alikuwa mzee Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyehamia Bagamoyo, akisaidiana na jamaa yake Charles. Walipiga ala za kwao: zeze na ilimba, ile marimba ya kupigwa kwa vidole gumba. Mzee Hukwe alifariki mwishoni mwa 2003, na Charles akamfuata mwaka 2004.

Wanawake wa ukoo huo walikuwapo miaka yote. Waliitikia, walicheza na kupiga muheme, ngoma ambayo kwa Wagogo ni ya wanawake. Lakini kuongoza wimbo na kushika ilimba kulionekana ni kazi ya wanaume. Mwaka 2024, miaka 28 baada ya Chibite, kampuni ileile ilitoa albamu Maisha. Waimbaji ni wawili: Pendo Zawose, binti wa mzee Hukwe, na Leah, mjukuu wake. Safari hii wao ndio walio mbele. Watayarishaji wao, Oli Barton-Wood na Tom Excell, waliongeza milio ya mitambo hapa na pale, lakini ukisikiliza unajua mara moja kuwa hawa ni Wagogo.

Ndugu zangu, hapo tuna mambo mawili ya kujifunza.

La kwanza ni mitambo. Mnakumbuka rekodi yetu ya kwanza. Tulilipa, tukaimba, na kazi ilipoletwa ngoma zetu zilikuwa zimeondolewa na kuwekwa mdundo wa kinanda. Besi haikusikika kabisa. Mama mmoja aliuliza, "Hawa wanaoimba ni akina nani?" Kwa hiyo kamati inapendekeza mafundi waje hapa kanisani, tuimbe pamoja, ngoma na kayamba zikiwapo. Tutarekodi asubuhi, maana mvua yetu ya alasiri mnaijua, na paa letu ni la mabati.

La pili ni wale wa nyuma. Nyimbo za kwanza za kwaya hii zilitungwa kwa Ekegusii na akina mama walioketi pale. Haziko katika daftari lolote. Ziko vichwani mwao. Baadhi ya wenzao tumeshawazika, na nyimbo zao tumezika nao. Naomba nyimbo hizo zitangulie katika albamu, na mama aliyeutunga wimbo auongoze mwenyewe, hata kama sauti imepata mikwaruzo. Sisi vijana tuitikie.

Naomba pia tumwalike mzee mmoja wa kupiga obokano. Wanaoijua ala hiyo ya nyuzi 8 wanapungua kila mwaka. Asiwepo wa kusema ni ya sherehe za pombe tu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Liturujia ya mwaka 1963, ulitaka muziki wa asili wa watu katika nchi za misheni upewe heshima na nafasi inayostahili.

Bahasha zitakusanywa baada ya chakula. Atoaye shilingi 50 na atoaye 5,000 wote wameimba. Mazoezi ya nyimbo za akina mama yataanza Jumamosi ijayo saa nane. Wanakwaya, njooni na madaftari na kalamu, kwa sababu siku hiyo wao ndio walimu.