Mganga Alaumiwe: Taasisi na Woga wa Kushindwa



Nimeombwa nizungumzie namna ya kujenga taasisi inayopokea mambo mapya. Vitabu tunavyofundishia huanza na viwanda vya Japani na Marekani. Mimi nitaanza na Fizi yetu, mashariki mwa Kongo, mwaka 1965, kwa sababu hapa lilifanyika jaribio la kubadili mwenendo wa taasisi, likashindwa, na aliyeshindwa akaliandika kwa mkono wake.

Tarehe 24 Aprili mwaka huo mwanamapinduzi Ernesto Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma akashukia Kibamba na kundi dogo la Wakuba. Jina alilopewa lilikuwa Tatu. Alikuja kuwasaidia waasi wa Simba, waliopigana na serikali ya Kongo, ambao Baraka na Fizi zilikuwa bado mikononi mwao. Alikuja na mtindo mpya wa jeshi: mazoezi, nidhamu, mitaro, doria. Mwisho wa Septemba askari mamluki wa Mike Hoare, waliopigana upande wa serikali, wakatua Baraka, na tarehe 21 Novemba Wakuba wakarudi Kigoma kwa mashua.

Wengi huieleza habari hii kwa neno moja tu: ushirikina. Ni maelezo mepesi mno. Tuitazame kwa karibu dawa waliyoitumia waasi.

Kabla ya vita mganga aliwapa wapiganaji dawa ili risasi zisiwadhuru. Dawa ilikuwa na masharti: usiguse mwanamke, usichukue mali ya mtu, usiogope. Tarehe 29 Juni walikwenda kushambulia kituo cha umeme cha Bendera, kilichoitwa Front de Force. Kati ya watu wapatao 160, karibu 60 walikuwa wametoroka kabla mapigano hayajaanza, na wengi wa waliobaki hawakufyatua hata risasi moja. Wakuba wanne waliuawa. Baadaye mganga akajitetea: watu waliogopa, wengine walikuwa na wanawake. Wapiganaji nao wakasema mganga mwenyewe ni dhaifu. Akaondolewa, na kamanda wao akawa na shughuli kubwa ya kutafuta mganga mwingine mwenye nguvu zaidi.

Dawa ya namna hii haishindwi kamwe. Ukipona, imefanya kazi. Ukifa, ulivunja mwiko, na marehemu hajitetei. Mganga anaweza kubadilishwa mara kumi bila dawa yenyewe kuulizwa swali. Kila pigo lina mkosaji wake, lakini hakuna pigo linalofundisha.

Sasa tuingie ofisini kwetu. Bomba la mradi limekauka: wananchi hawakuhamasishwa vya kutosha. Kompyuta za hospitali zinaota vumbi: wauguzi hawapendi mabadiliko. Fedha za ushirika hazionekani: mhasibu ahamishwe, aletwe mwingine, atumie daftari lile lile na funguo zile zile. Sisi tuliosoma tunawacheka watu wa 1965, huku ripoti zetu za mwisho wa mwaka zimeandikwa na yule yule mganga.

Asidhani mtu kwamba namtetea yule mgeni, Tatu. Kutoka ziwani hadi kambi ya juu, waliyoiita Luluabourg, mizigo ilipandishwa mlima mrefu kwa mabega. Wapiganaji walipoamriwa kubeba walijibu kwamba wao si magari. Baadaye wakajibu kwamba wao si Wakuba. Tatu aliona uvivu, na pengine uvivu ulikuwepo. Mimi nasikia pia malalamiko yenye msingi. Kiongozi wao, Laurent-Désiré Kabila, muda mwingi alikuwa ng'ambo ya ziwa. Mwezi wa Julai alifika Kibamba, akakaa siku chache, akaondoka. Hata Tatu mwenyewe, pamoja na sifa zake zote, alikaa wiki nyingi akingoja ruhusa ya kwenda mstari wa mbele. Mtu anayeambiwa apandishe gunia mlimani anajua vizuri mkubwa wake analala wapi.

Siku moja hasira zikampanda Tatu. Kwa Kifaransa chake cha kuungaunga akawaambia wapiganaji kwamba atawavisha magauni na kuwabebesha mihogo kwenye vikapu, maana hawafai hata kulinganishwa na wanawake. Mkalimani alipoyageuza maneno hayo kwa Kiswahili, wanaume wakamtazama wakacheka. Nami ningecheka, kwa sababu nyingine. Katika nchi hii ya Wabembe na Wabwari, wanaobeba mihogo ndio waliolilisha jeshi lile. Mleta mabadiliko alitumia kama tusi kazi ambayo bila hiyo asingekula.

Jambo moja namheshimu nalo. Alipofika Dar es Salaam alijifungia akaandika yote, na tangu mwanzo akakiri kwamba anasimulia habari ya kushindwa. Makosa yake mwenyewe pia ameyataja. Lakini wakubwa wake wa Kuba waliuweka mswada huo kabatini kwa takriban miongo mitatu. Kuandika peke yake hakutoshi, kama waliopaswa kusoma hawakupewa wasome.

Tuje upande wa pili, ambao hauna jenerali. Zamani wavuvi wa rasi ya Ubwari na pwani yote hii waliwavuta ndagala, samaki wadogo wa ziwa hili, kwa moto wa kuni mtumbwini, wakiwachota kwa wavu uitwao lusenga. Kuanzia miaka ya 1950 zikaingia taa za karabai na mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa nguzo, wavu ukiinuliwa katikati. Leo karabai nazo zinapisha balbu za betri na sola. Watu hawa hawa tunaowaita wagumu wamebadilisha taa bila kusukumwa. Kwa nini? Kwa sababu kukipambazuka ndagala wanamwagwa kwenye mabeseni mbele ya wachuuzi, na ufuko mzima unaona nani amepata na nani amerudi mikono mitupu. Na baharia hulipwa kwa fungu la samaki, kwa hiyo taa nzuri ya tajiri ni faida yake pia. Hirizi wanazo, msinielewe vibaya. Lakini hirizi hiyo inahukumiwa kila asubuhi.

Mafanikio hayo nayo yameleta mzigo. Taa zimezidi, nyavu zimezidi, na ziwa lenyewe limepata joto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba maji ya juu yakipata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba, na uzalishaji wa chakula cha msingi ziwani umeshuka kwa takriban asilimia 20. Nchi nne za ziwa zikakubaliana kupumzisha uvuvi. Tanzania ilifunga kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Naunga mkono hatua hiyo. Lakini miezi mitatu bila ndagala ni ada ya shule ya watoto. Mvuvi asipoonyeshwa kilichopatikana baada ya kufungua, kilo kwa kilo, mwalo kwa mwalo, na asipoulizwa tarehe zinazomfaa, atakuwa na haki ya kuiweka sheria hiyo kwenye fungu moja na dawa ya Bendera.

Ombi langu ni dogo, na litawaudhi baadhi yenu. Kabla ya mwaka huu kwisha, kila taasisi iliyoketi humu iitishe kikao kimoja. Mkuu wake asome mwenyewe jambo moja alilolijaribu likashindwa, na lilikula fedha kiasi gani, bila kumtaja mtu wa chini yake. Mlinzi, mfagiaji na dereva wawemo, waulize maswali, na maswali yao yaandikwe. Na mkuu anayekaa Bukavu au Kinshasa asitume mwakilishi. Aivumilie barabara yetu, aje asome mwenyewe.