Kutoka Diploma Kwenda Digrii: Uliza Kabla Hujalipa

Haya ni mazungumzo yetu na vijana wanaosomea diploma na wale waliokwisha maliza. Tumeyaweka hapa kwa ajili yako wewe ambaye hukuweza kufika. Yameachwa karibu vile yalivyosemwa, kwa hivyo tuvumiliane.

Hebu tuanze na hesabu ndogo. Diploma nyingi ni miaka 2 au 3. Digrii nyingi hapa Kenya ni miaka 4. Ukisoma diploma miaka 3, halafu chuo kikuu kikakuanzisha mwaka wa kwanza kama mtu aliyetoka sekondari jana, hiyo ni miaka 7. Wakikutambulia masomo yako ukaingia mwaka wa pili, umeokoa mwaka mzima. Ukiingia wa tatu, miwili. Na mwaka mmoja wa chuo si kitu kidogo: ni karo, ni kodi ya chumba, ni nauli na chakula, na ni mwaka ambao ungekuwa kazini unamsaidia mama. Kwa hivyo swali la "nitahamishiwa yuniti ngapi?" usilione kuwa la maprofesa. Ni swali la mfuko wa nyumbani kwenu.

Sasa nikikuuliza ni lini ulipaswa kuuliza swali hilo, wengi mtasema baada ya kupata cheti. Hapo ndipo tunapopotea. Swali hilo linaulizwa kabla hujalipa karo ya kwanza ya diploma, au, kama umeshaanza, linaulizwa wiki hii. Yale maneno ya "wewe maliza tu, digrii utaunganisha mbele ya safari" yamewagharimu vijana wengi. Anayekwambia hivyo mara nyingi ni mtu anayetaka ujaze fomu yake leo.

Kwenye karatasi mambo ni mazuri. Kuingia digrii moja kwa moja kutoka KCSE kunahitaji C+ kwenda juu. Aliyepata C au C- anaanzia diploma. Kisha kuna sheria ya mwaka 2014 iliyounda mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu, ule unaoitwa KNQF. Una ngazi 10. Diploma iko ngazi ya 6, digrii ya kwanza iko ngazi ya 7, udaktari wa falsafa uko juu kabisa kwenye 10. Ukiitazama unaona ngazi hasa: unamaliza kipago kimoja, unakanyaga kingine. Hiyo ndiyo nia ya sheria, kwamba aliyeanzia chini asifungiwe njia.

Lakini ngazi kuwepo ni jambo moja, na ni nani anayekupandisha ni jingine. Anayeamua masomo yako yanahesabiwa ni chuo kikuu chenyewe. Idara inachukua transkripti yako, inaangalia yuniti moja baada ya nyingine: hii yako ya hesabu inafanana na yetu? Ilifundishwa saa ngapi? Alipata alama gani? Ikiridhika, unasamehewa yuniti ile. Isiporidhika, utaisoma upya na kuilipia upya, hata kama unaijua kama kiganja chako. Chuo cha jirani kinaweza kuamua tofauti kabisa juu ya karatasi ile ile.

Wenzetu wa jimbo la California kule Marekani walikuwa na shida hiyo hiyo. Kule kijana anaweza kuanza kwenye chuo cha jamii, ambacho karo yake ni nafuu, asome miaka 2, kisha ahamie chuo kikuu amalizie 2. Wengi walikuwa wakifika na yuniti zisizohesabiwa. Mwaka 2010 wakatunga sheria: mwanafunzi akimaliza yuniti 60 zilizopangwa kwa ajili ya kuhamia, anahakikishiwa nafasi ndani ya mfumo wa vyuo vikuu vya California State, na hawawezi kumdai zaidi ya yuniti nyingine 60 ili apate digrii inayofanana na aliyosoma. Hahakikishiwi kampasi anayoitaka, na si kila kozi imo. Lakini anajua hesabu yake tangu siku ya kwanza. Wana hata tovuti ya umma ambapo unatazama somo la chuo chako linahesabiwa kuwa somo gani kwenye chuo kikuu unachokitaka. Sisi tunaweza kudai kitu kama hicho, na ni haki kukidai. Lakini wewe una muhula unaoanza karibuni, kwa hivyo inabidi uifanye kazi ya tovuti ile kwa miguu yako mwenyewe.

Na miguu yenyewe inaenda hivi. Anza kutoka mwisho. Digrii gani unaitaka? Chagua vyuo vikuu viwili vinavyoifundisha. Nenda idarani, usiishie kwa dada wa mapokezi wala kwenye meza ya maonyesho ya barabarani wanapogawa kalenda na kalamu. Muombe mkuu wa idara au mratibu wa kozi, mwambie: "Mimi ninasomea diploma hii, chuo hiki, mtihani wa baraza hili. Mnawapokea wa aina yangu? Wanaingia mwaka gani? Yuniti zipi huwa mnazisamehe?" Akikujibu vizuri, muombe kwa adabu akuandikie, hata barua pepe ya mistari mitatu. Mdomo hauna faili. Leo yuko yeye, mwaka kesho kahamishwa, na mpya hakujui wewe wala ahadi zako.

Uliza pia kuhusu alama. Diploma za KNEC zina ngazi za kufaulu, na vyuo vikuu vingi hutaka angalau "Credit" ili kukupokea kwa njia ya diploma. Aliyepata "Pass" amefaulu, ndiyo, anaweza kuajiriwa, lakini mlango wa digrii kwake ni mwembamba. Sasa fikiria mtu aliyelijua hilo mwaka wa kwanza na mtu aliyelijua siku ya kuchukua cheti. Yule wa kwanza atalala maktaba kwa ajili ya yuniti mbili zinazomvuta chini. Na kama unafanya mtihani wa CDACC, ule wa umahiri, uliza waziwazi idara hiyo inausoma vipi, maana mfumo wake wa alama si ule wa KNEC.

Kingine ni mwelekeo. Ukisoma diploma ya uhasibu ukataka digrii ya biashara, una mengi ya kubeba. Ukisoma uhasibu ukataka ualimu wa Kiswahili na historia, karibu kila kitu unakiacha mlangoni. Hakuna ubaya kubadilisha moyo, ila ujue bei yake. Wauguzi wana njia iliyonyooka zaidi, kwa sababu zipo programu za digrii zilizotengenezwa kwa ajili ya wenye diploma waliokwisha sajiliwa na baraza lao. Wa uhandisi nao wawe macho. Kuna digrii ya uhandisi inayotambuliwa na bodi ya wahandisi, na kuna digrii ya teknolojia ambayo mhitimu wake anasajiliwa na bodi ya mateknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Zote ni digrii na zote ni kazi za heshima. Lakini usije ukasoma miaka yote ukidhani utaitwa mhandisi, kumbe ulijiandikisha kwingine. Uliza: nikimaliza, ni bodi gani itanisajili, na kwa cheo gani?

Nije kwa vile vyuo vya ghorofani. Mnavijua. Ngazi ya kwanza ni duka la simu, ya pili ni kinyozi, ya tatu ni "Institute of" sijui nini. Vingine ni vyuo halali na walimu wake ni wazuri kweli, siwachafulii jina. Lakini chuo cha ufundi na diploma lazima kiwe kimesajiliwa na TVETA, mamlaka iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2013, na kozi yenyewe iwe imeidhinishwa. Tazama orodha yao, au omba uonyeshwe cheti cha usajili kwa macho yako. Diploma ya chuo kisichosajiliwa haitakufikisha idarani kabisa, na pesa zilizotoka kwenye kuuza mbuzi wa babu hazirudi. Upande wa digrii nao ni vivyo hivyo: tume ya vyuo vikuu, CUE, ndiyo inayoidhinisha. Chuo kikuu kinaweza kuwa na jina kubwa na kozi moja ndani yake ikawa bado haijaidhinishwa.

Na hapa tuzungumze sisi kwa sisi, maana kuna jambo linatupata sisi zaidi kuliko wengine. Majina. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Muhammad, KCSE ni Mohamed, kitambulisho ni Mohammed, na diploma imekuja na jina la babu mbele ya jina la baba. Athman huku, Othman kule. Nyumbani tunacheka, lakini msajili wa chuo kikuu anaona watu watatu. Toa vyeti vyako vyote leo, uvipange mezani, uyasome majina herufi kwa herufi. Ukiona tofauti, anza kurekebisha sasa, kwa kiapo cha wakili au kwa kubadilisha cheti chenyewe, kwa sababu inachukua muda na barua ya kuitwa chuoni haitakusubiri. Ambaye bado hana kitambulisho, na tunajua kwa nini wengi wetu tumezungushwa kwenye ofisi za vitambulisho, aje tusaidiane mapema. Bila kitambulisho hutafungua faili ya mkopo HELB, na hata basari nyingine zitakupita.

Tukitaja pesa: kawaida anayeingia kwa diploma huomba moja kwa moja chuoni na hujilipia, kwa hivyo usifanye bajeti kwa karo aliyokutajia binamu yako aliyepangiwa nafasi kutoka KCSE. Omba karatasi ya karo ya kozi yako, kwa njia yako ya kuingilia. Nenda ofisi ya basari ya kaunti na ya CDF uulize tarehe ya mwisho kabla haijapita, si baada ya kuiona imebandikwa mlangoni. Kuhusu HELB, najua baadhi yenu mnasita kwa sababu ya riba. Hilo muulize mwanachuoni unayemuamini, na kisha waulize HELB wenyewe wana mpango gani kwa Muislamu. Usiache shule kwa jambo ambalo hukuliuliza pande zote mbili. Na deni la chuo cha diploma lilipe, hata kidogo kidogo kwa makubaliano, maana cheti kilichozuiliwa kwa salio hakiwezi kukupeleka popote.

Kuna wanaosema njia ya diploma ni ya walioshindwa. Waambie waende Tudor, pale Technical University of Mombasa. Mahali pale palianza kama Mombasa Institute of Muslim Education, taasisi ya kuwafunza vijana Waislamu ufundi, na wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951. Mwaka 1966 ikawa Mombasa Technical Institute, 1972 ikawa Polytechnic, 2007 chuo kikuu kishiriki chini ya JKUAT, na 2013 ikapewa hati ya chuo kikuu kamili. Taasisi yenyewe imepanda kutoka ufundi hadi digrii, ikachukua miaka zaidi ya 60. Wewe hatukudai miaka hiyo yote.

Ukishapokelewa kuna kazi nyingine ambayo haisemwi. Utaingia mwaka wa pili au wa tatu, darasa limeshajuana, vikundi vya kusoma vimeshaundwa, na mhadhiri anasema "kama tulivyoona mwaka jana" na wewe mwaka jana hukuwepo. Wengi huanguka muhula huo wa kwanza, na si kwa kukosa akili. Muulize mapema aliyetangulia ni somo gani la mwaka wa kwanza linalotegemewa sana, mara nyingi ni hesabu au takwimu, ulipitie likizo nzima. Dada aliyeolewa au mwenye mtoto aulize ratiba za jioni na za wikendi kabla hajakubali nafasi. Kozi ile ile inaweza kuwa na ratiba mbili, na hakuna atakayekutajia ya pili usipoiuliza.

Jambo la mwisho ni silabasi. Kila yuniti unayosoma, hifadhi ile karatasi inayoeleza mada zake na saa zake. Piga picha, weka kwenye barua pepe yako, si kwenye simu peke yake, simu zinaibiwa. Idara ya chuo kikuu ikitaka kulinganisha masomo haitatosheka na jina la yuniti kwenye transkripti. Na mlioko chuo kikuu tayari, hasa mliopitia diploma, hapa ndipo tunapowahitaji. Andikeni tu: nilisoma diploma fulani, nikaenda digrii fulani, niliingia mwaka fulani, nilisamehewa yuniti kadha na kadha. Ondoeni majina yenu mkitaka. Tukipata majibu ya kutosha tutayapanga kwa chuo na kwa kozi, ili mdogo wako anayetaka kujaza fomu mwezi ujao aone njia iliyokwisha pitwa. Wenye transkripti mkononi, leteni nakala kwenye kikao kijacho, tutakaa na walimu wawili waliojitolea, tuzisome yuniti kwa yuniti, na kila mmoja aondoke na barua yake ya maswali kwa idara anayoitaka.