Himeni na mwenye duka

Wiki hii naomba tuzungumzie katuni. Najua wapo watakaoguna: mtu mzima, miaka arobaini na kitu, ameacha mambo mazito ya nchi anatuletea habari za watoto! Vumilia kidogo. Katuni ni biashara kubwa, na biashara inayomlenga mwanao ndani ya sebule yako si jambo dogo hata kidogo.

Katuni yenyewe ni He-Man and the Masters of the Universe. Sisi tuliokuwa watoto Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1980 tulimwita Himeni tu. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, kwa hiyo Himeni alitufikia kwa kanda za video. Mtaani kwetu nyumba yenye deki ilikuwa moja, na watoto tulijazana sakafuni mpaka mlangoni. Kiingereza hatukukijua. Kaka mmoja wa sekondari ndiye aliyekuwa akitufasiria, na pale asipoelewa alitunga lake.

Kwa wasiomfahamu, Himeni ni Adam, mwana wa mfalme katika sayari iitwayo Eternia, kijana anayeonekana mlegevu na mpenda starehe. Akiinua upanga wake anageuka kuwa mtu mwenye nguvu kupita wote, na chui milia wake mwoga, wa rangi ya kijani, anageuka kuwa mnyama wa vita. Adui yake ni Skeletor, mwenye uso wa fuvu, ambaye kila siku anataka kuiteka ngome ya Grayskull na kila siku anashindwa.

Hivi karibuni nimevitazama tena vipindi kama ishirini, safari hii kwa jicho la mtu ambaye utangazaji ndio unaomlisha. Jambo la kwanza linalogonga macho ni umaskini wa picha. Himeni anakimbia kuja mbele. Kipindi kinachofuata anakimbia vile vile, hatua kwa hatua. Anarusha ngumi kuelekea kwa mtazamaji. Ngumi ile ile utaiona kesho na keshokutwa. Utotoni hatukuligundua hilo, na kama tuliligundua halikutushughulisha.

Sababu yake ni hesabu. Filamu hupita kwa picha 24 kila sekunde, yaani picha 1,440 kwa dakika moja. Katuni za Jumamosi asubuhi kule Marekani kwa kawaida zilitengenezwa vipindi 13 au 16 kwa msimu. Himeni alianza Septemba 1983 kwa vipindi 65 kwa mkupuo, ili aonyeshwe siku tano kwa wiki, na kufika mwaka 1985 vilikuwa vimetimia 130. Studio ya Filmation ya Los Angeles, chini ya Lou Scheimer, haikutaka kupeleka uchoraji wake Asia kama walivyofanya wenzake wengi. Ili wachoraji wake wabaki na ajira palepale nyumbani, ilibidi kila mchoro ufanye kazi zaidi ya mara moja.

Ubahili huo ulifika mbali. Yupo mchawi mdogo wa kuchekesha aitwaye Orko, mwenye herufi O kifuani. Mwanzoni alipangiwa jina la Gorpo. Lakini herufi G ukiigeuza inasomeka kinyume, na O haibadiliki. Kwa hiyo alibadilishwa jina ili mchoro mmoja uweze kutumika akitazama kulia na akitazama kushoto. Na sauti ya Orko, msikilizaji, ilikuwa ya Scheimer mwenyewe, bosi wa studio. Waigizaji walikuwa wachache, kila mmoja akibeba sauti kadhaa, kama tulivyozoea katika michezo ya redio.

Sasa tuje kwa mwenye duka. Himeni hakuzaliwa katika hadithi. Alizaliwa dukani. Kampuni ya Mattel ilianza kuuza wanasesere wake mwaka 1982, na katuni ikaja baadaye ili kuwatangaza. Zamani mamlaka za utangazaji za Marekani zilikuwa zikiliangalia jambo kama hilo kwa jicho kali. Wakati wa Rais Ronald Reagan kamba zililegezwa, na mwaka 1984 miongozo iliyobana muda wa matangazo ya biashara ikaondolewa. Chama cha Action for Children's Television, alichokiongoza mama mmoja jasiri, Peggy Charren, kilipiga kelele kwamba katuni za namna hii ni matangazo ya biashara ya nusu saa nzima. Bunge la Marekani lilikuja kupitisha sheria mwaka 1990, ikaweka kikomo cha dakika kumi na nusu za matangazo kwa saa katika vipindi vya watoto siku za mwisho wa wiki, na dakika 12 siku za kazi.

Mama Charren alikuwa na hoja nzito. Lakini ndani ya tangazo hilo la nusu saa wamo watu waliofanya kazi yao kwa heshima. Himeni hawakatikati watu kwa upanga wake. Adui anainuliwa na kutupwa kwenye tope, na kinachovunjwa ni roboti. Mwisho wa kila kipindi mhusika mmoja anasimama na kueleza funzo: usidanganye, usimdharau aliye dhaifu, msikilize mzazi. Wamarekani wengi siku hizi wanalicheka funzo hilo. Sisi hatukuliona kuwa kituko, kwani tulikuwa tumezoea hadithi ya bibi kuishia hivyo hivyo. Yule kaka mfasiri wetu alikuwa akiongeza la kwake: Himeni amesema mtoto asiyekwenda kuchota maji hatakuja kutazama kesho.

Naomba nikueleze kipindi kimoja, cha mwaka 1984, kiitwacho The Problem with Power. Skeletor anamtega Himeni mpaka aamini kwamba katika pambano ameua mtu asiye na hatia. Himeni hatafuti visingizio. Anasema nguvu zilizoua haziwezi kuwa zake tena, anarudi kuwa Adam, na upanga wake anautupa shimoni. Baadaye inabainika kuwa ni hila, na anakwenda kuutafuta. Fikiria jambo hilo, msikilizaji. Upanga ule ndio uliokuwa bidhaa. Ulikuwa unaning'inia madukani ukisubiri mzazi mwenye fedha. Na waandishi waliolipwa ili uuzike wakamfundisha mtoto kwamba yapo mambo ambayo kwa ajili yake mtu mwema huutupa upanga.

Sisi hatukuwa na duka la kutuuzia. Upanga wetu ulikuwa fito, na ngome ya Grayskull ilikuwa rundo la matofali ya jirani aliyekuwa akijenga. Tangazo lilipotufikia lilikuwa limekwisha pukutika bidhaa, ikabaki hadithi peke yake. Kizuri chajiuza, walisema wahenga, na kibaya chajitembeza. Wanasesere walitembezwa sana, na kufika mwaka 1987 soko lao lilikuwa limeanguka. Februari 1989 studio ya Filmation nayo ilifungwa baada ya kuuzwa. Ule upanga uliotupwa shimoni bado ninao kichwani.

Leo watoto wetu wana vya kwao. Ubongo Kids ilianza Dar es Salaam Januari 2014 kupitia TBC1, ikifundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Mwaka 2021 Super Sema ilituletea msichana shujaa wa Kiafrika. Ni hatua. Lakini kikomo cha dakika kumi na nusu kiliandikwa kwa ajili ya televisheni, na hata hivyo kwao, si kwetu. Simu unayompa mtoto ili anyamaze haina kikomo hicho, na mwenye duka wa humo hafungi usiku.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mdogo. Usimnyang'anye tu, kaa naye kipindi kimoja, mpaka mwisho. Jiulize nani amelipia na anataka nini. Halafu muulize mtoto amebaki na nini. Akikutajia kitu cha kununua, mna mazungumzo ya kufanya. Akikusimulia kisa, mwache aendelee.