Ayubu na Watu wa Maduara

Katika Biblia nzima hakuna sura inayoijua kazi ya machimbo kama sura ya 28 ya kitabu cha Ayubu. Wamo humo watu wanaochimba shimo mbali na makazi, mahali ambapo mpita njia hajui kwamba chini ya nyayo zake kuna binadamu mwenzake. Wananing'inia na kuyumbayumba. Wanapeleka mwanga palipo na giza, wanazuia maji yasichuruzike ndani, wanaufumua mlima kuanzia kwenye mizizi. Hata ndege mwenye macho makali kuliko wote hajawahi kuiona njia yao. Mchimbaji wa Nyarugusu, Mgusu au Kakola akisomewa sura hiyo bila kutajiwa kitabu, hatakosea sana akidhani mwandishi aliwahi kushushwa kwa kamba ndani ya duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo.

Cha ajabu ni msemaji. Ayubu ameshapoteza watoto kumi kwa siku moja, mifugo imeporwa, mwili umejaa majipu, na marafiki waliokuja kumpa pole wamegeuka waendesha mashtaka. Mtu wa hali hiyo ana shughuli gani na mambo ya dhahabu? Wataalamu wa Maandiko wamebishana kwa muda mrefu kama maneno hayo ni yake au yalipachikwa baadaye. Mhadhara huu unawaachia ubishi huo. Unachokitaka ni kuipeleka sura hiyo Shinyanga na Geita, na kuuliza mtu anawezaje kutulia moyo katika nchi ambayo utajiri uko chini ya miguu yake, naye hana uhakika wa mlo wa kesho.

Utajiri wenyewe haujawahi kuwa siri. John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aliugundua mwamba wa almasi wa Mwadui mwaka 1940. Miaka saba baadaye ikatoka pale almasi ya waridi aliyozawadiwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipoolewa. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, na Buzwagi ulifunguliwa 2009 ukafungwa 2021. Katikati ya migodi hiyo, na mara nyingi pembeni kabisa mwa uzio wake, wako wachimbaji wadogo wanaohama kila rashi mpya, yaani mahali papya palipotoka dhahabu, inapotangazwa.

Kazi ya duara kwa kawaida haina mshahara. Mwenye duara huwalisha wachimbaji na kununua matimba ya kuzuia kuta zisianguke. Mawe yakipatikana, viroba hugawanywa kati ya mwenye leseni, mwenye duara na walioshuka chini, kisha kila mmoja anapeleka fungu lake karashani kusagwa na baadaye mwaloni kuoshwa. Mwamba ukitoka mtupu, miezi ya jasho imelipwa kwa ugali na maharage, na hakuna wa kumdai.

Hapo ndipo maumivu ya machimbo yanapoachana na maumivu ya ukame, ambayo Wasukuma wa Shinyanga wanayafahamu tangu enzi. Mvua ikikataa kunyesha Kishapu, inawakatalia wote, na watu wanalia pamoja. Dhahabu humchagua mmoja. Wawili wenye nguvu sawa wanachimba maduara yaliyopakana, kina kile kile. Huyu anatoboa, anajenga nyumba Kahama mjini, yule anatoka na vumbi kifuani. Aliyekosa haumizwi na njaa peke yake. Anaanza kujichunguza ana kasoro gani.

Majibu ya swali hilo yana soko. Mganga atamwambia nyota yake imefifia au imechukuliwa, na kwamba jini wa machimbo anadai kitu. Mwaka 2010 watafiti Deborah Fahy Bryceson, Jesper Bosse Jønsson na Richard Sherrington walichapisha makala iliyofuatilia kamba inayowaunganisha wachimbaji wanaotafuta bahati, waganga wanaoiuza, na mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoitikisa Kanda ya Ziwa mwishoni mwa muongo uliotangulia. Si kila mganga alihusika, wala si kila mchimbaji. Wengi wao wanaiogopa damu ya mtu kama anavyoiogopa mwingine yeyote. Hata hivyo Septemba 2009 Mahakama Kuu ikiwa Kahama iliwahukumu kifo wanaume watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino, na watoto waliokimbizwa makwao walikijaza kituo cha Buhangija, Shinyanga. Huko ndiko linakoweza kufikia swali la "mbona mwenzangu amepata?" likikosa mahali pengine pa kwenda.

Kanisani nako soko lipo. Wako wahubiri wanaopita kambi za wachimbaji na mafuta ya upako, maji ya upako na mwaliko wa kupanda mbegu, yaani kutoa fedha leo ili duara lifunguke kesho. Duara lisipofunguka, imani ilikuwa haba au mbegu ilikuwa ndogo. Mtu akiweka kando mavazi na lugha, hesabu ya mhubiri huyu na ya yule mganga ni moja: aliyepata amependwa, aliyekosa ana tatizo. Ndiyo hesabu ya Elifazi, Bildadi na Sofari, marafiki watatu wa Ayubu. Walikuwa watu wa dini, walizungumza kwa ufasaha, na mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia wao. Ayubu aliyelalamika, akabisha, akaitaka mbingu imjibu, ndiye ambaye Mungu alimtaja kwamba alisema sawasawa.

Iko pia faraja ya bei nafuu inayosambazwa na watu wema: shukuru, wapo walio na hali mbaya kuliko wewe. Ina ukweli wake, na husaidia kwa jioni moja. Lakini ni faraja inayomhitaji mtu wa kukaa chini yako ili wewe ujisikie umekaa juu, na kwa aliye chini kabisa haina neno lolote.

Na wapo waliokuwa chini kabisa. Tarehe 5 Oktoba 2015 machimbo ya Nyangarata, wilayani Kahama, yaliporomoka na kuwafukia wachimbaji. Walishahesabiwa kuwa wamekufa. Tarehe 15 Novemba, baada ya siku 41, watano walitolewa wakiwa hai. Waliishi gizani kwa kula mende, vyura na mizizi, na kunywa maji yaliyokuwa yakidondoka kwenye miamba. Mwenzao wa sita alifia humo humo.

Ni kawaida kusimulia habari hii kama ushuhuda, na shukrani ya waliookoka ni haki yao. Ila ushuhuda unapogeuzwa kuwa hoja, kwamba hao watano walikuwa na kitu ambacho wa sita hakuwa nacho, tumerudi kwa Elifazi. Walikuwa shimo moja, giza moja, maji yale yale. Kumwambia mjane wa mtu wa namna hiyo kwamba maombi ya mumewe yalipungua ni ukatili, hata ukisemwa kwa sauti ya upole.

Mwaka 2010 nchini Chile wachimbaji 33 walikaa chini ya ardhi siku 69, na dunia nzima ikafuatilia kwa televisheni. Mmoja wao, José Henríquez, Mkristo wa kiinjili, ndiye aliyeongoza maombi. Kinachofaa kukumbukwa ni kwamba maombi hayo yalianza mapema, ndani ya siku 17 za kwanza, kabla mashine ya kuchoronga haijawafikia na kabla mtu yeyote juu hajajua kama wako hai. Hakukuwa na matokeo ya kuyapima. Waliomba wakiwa na chakula cha kugawana kwa vijiko, na utaratibu wa kugawana huo ulikuwa sehemu ya kusali kwao kuliko vile watu wa nje walivyotambua.

Sasa sura ya 28 inaeleweka. Ayubu hawadharau wachimbaji. Anawasifu kwa ustadi ambao hakuna mnyama aliye nao. Kisha anauliza hekima inachimbwa wapi, na vilindi vinajibu kuwa haimo, bahari nayo inajibu kuwa haiko kwake. Dhahabu ya Ofiri haiinunui. Kwa mtu aliyefilisika, hayo ni maneno ya ukombozi. Ikiwa hekima ya Mungu haimo duarani, basi duara haliwezi kutoa hukumu juu ya thamani ya mtu. Dhahabu inabaki mali nzuri, inayosomesha watoto na kuezeka bati, ila inavuliwa uhakimu. Mtazamo wa Kikristo kuhusu kuridhika, katika ukanda huu, unaanzia hapo: aliyekosa hakulaaniwa, na aliyepata hakuthibitishwa.

Mtume Paulo anaongeza jambo ambalo mahubiri mengi huliruka. Maneno yake mashuhuri ya kuridhika, aliyowaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, yamo ndani ya kile ambacho kwa kweli ni barua ya kupokea mchango. Epafrodito alikuwa ameleta msaada, na Paulo anakiri kuupokea. Anasema amejifunza kuishi na kingi na kidogo, halafu papo hapo anawaambia walifanya vyema kushiriki dhiki yake. Hakuna mtu anayeridhika peke yake porini.

Kambi ya machimbo imejaa watu waliotoka mbali na koo zao: Kigoma, Mara, Tabora, Kagera. Mmoja wao akiangukiwa na kifusi, nani atamsafirisha? Jibu moja ni jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele mwaka 1976, na jimbo la Shinyanga, ambako wamisionari wa Maryknoll walifika mwaka 1954, lilikuwa na watu waliolichukua jambo hilo kwa uzito. Padri Donald Sybertz aliishi Ndoleleji akikusanya methali na hadithi za Kisukuma, akaandika na Padri Joseph Healey kitabu cha teolojia kilichochapishwa 1996, kwa imani kwamba wakulima wa huko walikuwa na la kumfundisha msomi. Upande wa AICT, kanisa lililotokana na wamisionari walioingia Usukuma mwaka 1909, kwaya hufanya kazi ile ile ya kubebana bila kuiandikia teolojia: wanakwaya ndio wanaolala hospitalini Kolandoto na mgonjwa asiye na ndugu, na ndio wanaopitisha daftari la michango ya jeneza.

Je, kuridhika kwa namna hii hakuwafanyi maskini wanyamaze? Hatari hiyo ipo, na wako waliokwisha kukutumia hivyo. Lakini Ayubu katika sura ya 31, akiapa kwamba hakuiweka dhahabu kuwa tumaini lake, anaapa pia kwamba hakudharau madai ya mtumishi wake wala hakula mazao ya shamba bila malipo. Viapo hivyo vyote vimo katika kinywa kimoja. Machi 2008 Jumuiya ya Kikristo Tanzania, Baraza la Maaskofu Katoliki na BAKWATA, baraza la Waislamu, walitoa pamoja taarifa ya Mark Curtis na Tundu Lissu iliyochambua namna nchi ilivyokuwa ikipata kidogo kutokana na dhahabu yake. Mrabaha wa dhahabu ulikuwa asilimia 3. Sheria ya mwaka 2010 iliupandisha hadi 4, na mabadiliko ya 2017 hadi 6. Viongozi wa dini hawakuwa peke yao katika shinikizo hilo, lakini walikuwamo, wakiwa na hesabu mkononi badala ya mahubiri ya subira.

Wahubiri wa upako huipenda mno sura ya mwisho ya Ayubu, ile ya kondoo 14,000 na ngamia 6,000. Huwa wanauvuka mstari unaotangulia. Kabla mifugo haijahesabiwa, ndugu, dada na watu waliomfahamu zamani wanakuja nyumbani kwake, wanakula naye mkate, wanampa pole, na kila mmoja anamwachia kipande cha fedha na pete ya dhahabu. Kwa mtu wa Kahama hayo ni matanga yaliyochelewa, na ile fedha na pete ni rambirambi. Dhahabu ya kwanza inayotajwa kuingia mkononi mwa Ayubu baada ya msiba ilitoka mifukoni mwa watu.