KUPENDA KUSOMA HUANZIA NYUMBANI
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wazee katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Nimesikiliza hesabu ya Mweka Hazina, nami nimefurahi kuona kuwa sehemu kubwa ya fedha zetu hutumika kuwalipia karo vijana wa sekondari. Jambo hilo ni jema, wala sikuja kulipinga. Nimekuja kuuliza swali moja tu. Je, mkulima wa kahawa huanza kuutunza mti wake siku ile uanzapo kuzaa? La, sivyo. Huanza kitaluni, mche ungali na majani mawili. Huukinga na jua na kuunywesha maji. Sisi twautia mbolea mti mkubwa, na mche twauacha juani.

Tangu mwaka 2003, serikali ilipoondoa karo katika shule za msingi, watoto wetu wengi wameingia darasani, na wengi wamezijua herufi. Lakini kujua kusoma ni jambo moja, na kupenda kusoma ni jingine. Mtoto ajuaye kusoma bila kupenda huushika mwendo wa mtihani, na mtihani ukiisha hukitua kitabu kama mtu atuavyo mzigo wa kuni.

Ndugu zangu, sharti niseme kosa langu mwenyewe. Nilikuwa mwalimu kwa miaka 30. Mwaka mmoja tuliletewa katoni mbili za vitabu vya hadithi, vyenye picha nzuri za rangi. Nilichelea visije vikachafuliwa na mikono ya watoto, basi nikavifungia kabatini, na ufunguo nikautia mfukoni. Mkaguzi alipokuja nilimfungulia, akavisifu. Siku nilipovitoa kwa ajili ya watoto, niliona kuwa panya wamekwisha kuvisoma kabla yao. Na lile darasa lilikuwa limekwisha kuondoka, pasipo mtoto hata mmoja kukishika kitabu hata kimoja. Tena mtoto aliyekosea neno katika kusoma, nilimchapa. Leo nakutana nao njiani, ni watu wazima. Hunisalimu kwa adabu, lakini sijapata kumwona hata mmoja wao na kitabu mkononi.

Je, mimi mwenyewe nilipata wapi kupenda kusoma? Sikukupata shuleni. Nilikupata kwa mama yangu, ambaye hakujua hata herufi moja. Nyumbani hatukuwa na kitabu ila Biblia. Walakini siku hizo nyama ilifungwa kwa karatasi za gazeti, na mama alikuwa akiikunjua ile karatasi, akiipangusa na kuiweka kando ya moto ikauke. Baada ya chakula aliniambia, “Mwanangu, macho yangu yamechoka kwa moshi, hebu nisomee.” Nami nilisoma hata nikafika palipochanika.

“Halafu ikawaje?” aliuliza.

“Karatasi imekwisha, mama.”

“Basi wewe waonaje? Ilikuwaje?”

Hapo tulibuni mwisho wetu wenyewe, tukacheka hata moto ukazimika. Sikujua kuwa hawezi kusoma mpaka siku nilipomwona katika ofisi moja akitia kidole gumba katika wino. Ndipo nilipofahamu kuwa macho yake hayakuwa yamechoka.

Kwa sababu hiyo namwambia kila mzazi aliyeko hapa: usiseme, “Mimi sikusoma, hayo ni kazi ya mwalimu.” Mtoto hahitaji mzazi mwenye shahada. Ahitaji mtu anayetaka kumsikiliza. Mzazi ajuaye kusoma na ampakate mtoto wake robo saa baada ya chakula cha jioni, amsomee, na amwache afunue kurasa mwenyewe. Asiyejua na asomewe, naye aulize kama mama yangu alivyouliza. Mtoto akikosea neno, mwacheni amalize hadithi kwanza. Kosa laweza kungoja. Na baba asiwaachie akina mama peke yao, maana mtoto hufuata yale anayomwona baba yake akiyaheshimu. Akimwona kila jioni na simu tu mkononi, ataiheshimu simu.

Nanyi wazee wetu, mna kitu ambacho maduka hayana. Kawaida ya shule zetu ni kuwa watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya nyumbani kwao. Lakini vitabu vya hadithi vya Kiembu, Kimbeere na Kitharaka ni vichache mno. Hadithi hizo zimo vifuani mwenu. Simulieni wajukuu, na wale wakubwa wao waziandike katika madaftari, ili wadogo wazisome. Mtoto aonapo maneno ya babu yake yameandikwa, hutambua kuwa kitabu si kitu cha wageni. Msidhani vilima vyetu havizai waandishi. Kithaka wa Mberia ni mwana wa Tharaka, na tamthilia yake, Kifo Kisimani, ilisomwa katika shule za sekondari za Kenya nzima.

Sasa mtaniuliza, vitabu vitatoka wapi? Wazee wachache miongoni mwetu watakumbuka East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948. Haikuchapisha vitabu tu, bali ilipeleka pia masanduku ya vitabu mashambani, na kuwaazima wasomaji vitabu kwa posta. Mwaka 1965 Bunge letu lilitunga sheria ya Huduma ya Maktaba ya Taifa, na leo kuna maktaba mjini Embu na mjini Meru. Lakini mtoto wa Siakago au wa Marimanti atapata wapi nauli ya kwenda mjini kuazima hadithi ya kurasa 16? Huko Garissa, mwaka 1996, vitabu vilianza kupelekwa kwa wafugaji juu ya migongo ya ngamia. Ikiwa ngamia aliweza kuvibeba vitabu kuvuka mchanga, sisi wenye barabara na pikipiki twangoja nini?

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naomba kila tawi la chama chetu lipewe sanduku moja la vitabu 40 vya watoto wadogo. Sanduku likae katika nyumba ya mwanachama mmoja, wala si ofisini. Kila jioni ya Jumamosi lifunguliwe, majina yaandikwe katika daftari, na watoto wachukue vitabu kwenda navyo nyumbani. Baada ya miezi minne, matawi yabadilishane masanduku.

Najua kuwa vingine vitapotea, na vingine vitarudi na alama za uji. Nawasihi msimwadhibu mtoto kwa hayo. Kitabu kilichoraruka kwa kusomwa kimetimiza kazi yake. Vile vyangu vilivyokaa safi kabatini ndivyo vilivyopotea.

Na sanduku hilo, ndugu zangu, lisiwe na kufuli.